Sheria Haiijui Mvua ya Tukuyu: Faida za Chama cha Wafanyakazi (Sehemu ya Pili)

Mvua ya Tukuyu haisubiri kualikwa. Hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na pamoja na udongo wa majivu ya volkano ndiyo iliyofanya vilima vya Rungwe vifae kwa chai tangu Wajerumani walipoijaribu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini mvua hiyohiyo inayostawisha mchai ndiyo inayozua ubishi jioni kwenye mizani. Mchumaji anafika na mzigo uliolowa chapachapa. Je, karani apunguze kilo ngapi kwa ajili ya gunia, na ngapi kwa ajili ya maji? Kwa mtu anayelipwa kwa kilo, hilo si swali dogo. Na kabla ya kuuliza ni kilo ngapi, kuna swali jingine: nani kaamua?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ina majibu ya mambo mengi. Kazi isizidi saa 45 za kawaida kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, na anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja hupata siku 100. Ukiipekua yote, hata hivyo, hutakuta mstari hata mmoja kuhusu majani yaliyolowa. Bunge haliwezi kutunga sheria kwa ajili ya kila mizani nchini. Jambo kama hilo huandikwa mahali pengine, katika mkataba wa hali bora, na mkataba wa hali bora hauandikwi na mfanyakazi mmojammoja. Huandikwa na chama.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi chama kinavyozaliwa: wafanyakazi wasiopungua 20, mkutano, katiba, kisha usajili. Wengi wa Rungwe hawana haja ya kuanza na hatua hiyo, maana vyama vipo tayari. Wa mashamba makubwa ya chai wana TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo. Walimu wana CWT, kilichoanzishwa mwaka 1993. Wauguzi na watumishi wa afya huingia TUGHE, watumishi wa halmashauri TALGWU, na wa hoteli na majumbani CHODAWU. Kinachobaki ni faida: mtu anayekatwa fedha kila mwezi anapata nini?

Jibu linalosikika mara nyingi ni nyongeza ya mshahara. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Kuanzia Julai 2013 kima cha chini cha mshahara katika kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Amri iliyoanza Januari 2023 ikakipandisha hadi 140,000. Miaka karibu kumi, shilingi 40,000. Anayetegemea amri ya serikali pekee husubiri hivyo, na kima cha chini, kama jina lake linavyosema, ni chini. Juu yake kuna nafasi ya kujenga: bei ya kilo, posho ya usafiri, makoti ya mvua, chakula cha mchana, muda wa kupumzika, na hayo maji ya kwenye gunia.

Kisheria mlango wa kuingilia huko ni mmoja, nao ni wingi. Chama kilichosajiliwa kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri analazimika kukaa nacho mezani kwa nia njema. Wakikubaliana na kutia sahihi, mkataba huo unawafunga wote katika kitengo hicho, hata wasio wanachama. Wakishindwana, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha CMA.

Hapo huchomoza mjanja mmoja anayepatikana kila kazini. Kwa nini nikatwe ada, husema, ilhali mkataba utanifunika nisijiunge? Watunga sheria walimwona mapema. Chama kilichotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala. Kwa hiyo mjanja wetu anaweza kujikuta analipa vilevile, ila bila kura ya kumchagua kiongozi wala sauti ya kusema mkataba uandikwe nini.

Fedha, hata hivyo, si mahali ambapo chama huonekana waziwazi kuliko pote. Huonekana siku ya kikao cha nidhamu.

Tuchukue mfanyakazi wa kiwanda cha chai, awe wa Katumba au Mwakaleli au popote, anayetuhumiwa kuacha zamu. Kanuni za mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuingia kikaoni na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Asiye na chama ana haki ya kumleta mwenzake, lakini mwenzake huyo naye kesho ana zamu, ana mkopo, na bosi ni huyohuyo. Mwakilishi wa chama yuko katika hali tofauti. Sheria inamtaja kwa kazi yake: kuwatetea wanachama katika malalamiko na nidhamu, kusema juu ya usalama na afya, na kupewa muda wa kutosha wenye malipo kuifanya kazi hiyo. Mahali penye wanachama 21 hadi 100 huchaguliwa wawakilishi 10, na wakizidi 100 huwa 15. Hapo, kama kuna wanawake katika chama, angalau 5 kati ya wawakilishi wawe wa kuwawakilisha wao. Kwenye kazi ya kuchuma chai, ambako wanawake ni wengi, kipengele hicho kina uzito wa pekee. Mjamzito anayebeba mzigo mteremkoni hana sababu ya kumweleza hali yake msimamizi mwanamume mbele ya watu.

Kikao kikiisha vibaya na mtu akafukuzwa, saa inaanza kwenda. Anazo siku 30 tu za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, kwenye ofisi ya Tume ya mkoa, ni safari ya kilomita 70 na ushei, nauli kwenda na kurudi, fomu za kujaza, nakala ya malalamiko impate mwajiri kwa ushahidi, tarehe ya usuluhishi, kisha pengine tarehe nyingine. Wapo waliokuwa na haki kamili wakaipoteza kwa kalenda tu: walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena kazini, na walipozinduka siku 30 zilikuwa zimepita. Katibu wa tawi anayezijua fomu hizo kama anavyoijua njia ya shambani kwake ana thamani ambayo haionekani kwenye hati ya mshahara.

Hali ni hiyohiyo mwajiri anapotaka kupunguza watu. Sheria inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane juu ya njia za kuepuka upunguzaji na namna ya kuchagua watakaoondoka. Anashauriana na nani? Na chama kinachotambulika, kwanza. Nchini Kenya suala hili limefika mashambani kwa sura ya mashine za kuchumia chai. Huko Kericho na Bomet mwaka 2023 hasira ilifikia kuchoma mashine moto. Rungwe ina miteremko ambayo mashine haiipendi, lakini anayedhani milima itamlinda milele aulize Kericho walidhani nini miaka 20 iliyopita.

Watu wa Rungwe, kwa kweli, si wageni wa somo hili. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 wanaume wengi wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta kazi machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 1935 wachimbaji wa huko waligoma kwa sababu ya kodi. Hawakuwa na chama, hawakuwa na msemaji anayetambulika. Huko Luanshya umati ulijibiwa kwa risasi na watu 6 wakafa. Mwaka 1949 ukaundwa muungano wa wachimbaji Waafrika chini ya Lawrence Katilungu. Mgomo wake wa 1952 ulidumu wiki 3, ukaishia mezani kwa msuluhishi, na mishahara ikapanda. Migodi ile ile, na hasira pengine ile ile. Kilichozidi mara ya pili ni chama.

Tanganyika nayo ilipata shirikisho lake la vyama vya wafanyakazi, TFL, mwaka 1955, na katibu mkuu wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru vyama vya wafanyakazi na serikali vilianza kugongana. Mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991, kabla ya vyama vya kisekta kusimama vyenyewe chini ya shirikisho la TUCTA. Mzee wa Tukuyu anayenuna akisikia neno chama asionekane mkaidi. Kwa miaka zaidi ya 25 alikatwa ada na chombo ambacho hakukichagua, kilichokaa upande mmoja na aliyepaswa kubanwa.

Hata leo shaka si haba. Walimu wengi hulalamika kuwa asilimia 2 ya mshahara huenda CWT kila mwezi, nao hukiona chama zaidi siku ya Mei Mosi, kikigawa fulana. Mgomo wao wa Julai 2012 uliandaliwa kwa madai mazito, lakini ndani ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliusimamisha kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa. Mwandishi wa makala haya anaona tukio lile linafundisha kuliko fulana zote. Haki ya kugoma ipo, ila imezungushiwa ngazi za usuluhishi, kura na notisi. Chama kisichozipanda ngazi hizo kwa mpangilio huwaangusha wanachama wake chini ya ngazi ya kwanza.

Basi anayejiunga asijiunge kama anayetoa sadaka. Makato ya ada huanza kwa fomu iitwayo TUF 6, ambayo mfanyakazi huijaza kwa hiari yake. Mwajiri hana ruhusa ya kukata bila fomu hiyo. Kama ada ni asilimia 2, anayepata 140,000 atakatwa 2,800. Kwa fedha hiyo ana haki ya kuisoma katiba ya chama, kupiga kura, na kuona hesabu zilizokaguliwa, ambazo kila chama kinatakiwa kuziandaa kila mwaka. Akichoka, anaandika barua ya kujitoa na kutoa notisi ya mwezi mmoja. Na kibarua wa msimu asidanganywe kwamba chama ni cha wenye ajira ya kudumu: kifungu cha 9 kinasema kila mfanyakazi, na kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya uanachama wake.

Kuna kundi moja kubwa Rungwe ambalo halikuguswa humu kabisa. Ni mkulima mdogo mwenye mashina yake ya chai nyuma ya migomba, anayeuza majani mabichi kiwandani. Naye hubishana na mizani ileile, kwa maji yaleyale ya mvua, lakini hana mwajiri, na mlango wa TPAWU si wake. Sehemu ya tatu itaanzia kwenye kibanda chake cha kupimia.