Deni Lililobaki Mengo

Mahakama ya Mengo, mjini Kampala, ina sifa yake miongoni mwa wakazi wa mji huo. Watu wengi waingiao humo asubuhi si wezi wala si wauaji. Ni wenye nyumba na wapangaji wao, wenye maduka na wateja wao, na ndugu waliokopeshana fedha kisha wakanuniana. Aghalabu jambo linaloamuliwa ni deni. Na katika madeni yote, lililo gumu kuliko mengine ni lile ambalo mdaiwa wake alivuka mpaka, akakaa ughaibuni miaka mingi, kisha siku moja akatamani kurudi.

Familia za askari wa jeshi na polisi zinaielewa hali hiyo hata kama hazijapata kuvuka mpaka wowote. Amri ya uhamisho huja jioni, na kufika alfajiri vyombo vimo ndani ya lori. Katika purukushani hiyo ni nani akumbukaye chupa mbili za mafuta ya taa zilizoandikwa katika daftari la dukani? Hakuna aliyekusudia kudhulumu, lakini jina hubaki katika daftari.

Historia ya Uganda inatupatia mfano mkubwa wa jambo hilo. Tarehe 4 Agosti, 1972, Idi Amin aliwatangazia wanajeshi wake kambini Tororo kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini. Walipewa siku 90, na muda huo ukaisha tarehe 8 Novemba. Zaidi ya watu 27,000 walikwenda Uingereza, na maelfu wengine wakatawanyika Kanada, Bara Hindi na kwingineko. Fedha walizoruhusiwa kuchukua zilikuwa kidogo mno, kiasi cha pauni 50 kwa familia.

Watu wengi hukumbuka mali iliyoachwa. Ni wachache wakumbukao kwamba pamoja na mali hiyo yaliachwa madeni, tena ya pande zote mbili. Mwenye duka alikuwa akiidai nusu ya mtaa, ambao ulikuwa ukichukua sukari na sabuni ukingoja mwisho wa mwezi. Yeye naye alikuwa akidaiwa: na benki iliyomkopesha, na muuzaji wa jumla, na karani wake, na mpishi wake ambaye mshahara wa mwezi haujatimia. Sheria iliyotolewa wakati huo iliwataka waondokao watangaze mali zao na madeni yao pia. Lakini katika siku 90, na huku foleni za pasipoti zikiwa ndefu, nani angeweza kuketi akapiga hesabu ya kila mtu? Mpishi hakuwa na karatasi yoyote. Alichokuwa nacho ni ahadi tu, na mwenye ahadi alikuwa amekwisha panda ndege.

Biashara na mashamba yapatayo 5,655 yaligawanywa upya. Majumba mengi yaliwekwa chini ya Bodi ya Wadhamini wa Mali za Waasia Walioondoka. Ndani ya majumba hayo waliingia wapangaji wapya: makarani, maofisa, wafanya biashara, na si haba maaskari pamoja na watoto wao.

Inafaa hapa kurudi nyuma zaidi, kwa kuwa Mengo iliwajua wadaiwa wa ng'ambo kabla ya mambo hayo. Kabaka Mwanga alipouweka mji wake kilimani hapo katika miaka ya 1880, misafara ya pwani ilikuwa imekwisha izoea njia ya Buganda kwa muda mrefu. Wafanya biashara hao walileta nguo, bunduki na baruti, nao wakataka pembe za ndovu. Aghalabu bidhaa walizochukua hazikuwa zao. Walizipata Unguja kwa matajiri wa Kihindi kwa njia ya mali kauli: mtu huchukua mzigo leo kwa neno lake tu, na kulipa arudipo na pembe. Aliyerudi na pembe alipokewa vizuri. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alifika Unguja mwaka 1882 baada ya miaka kumi na miwili bara, na mkopeshaji wake, Taria Topan, hakuwa na sababu ya kujuta. Lakini yule ambaye msafara wake uliporwa au kufa njaa njiani, au ambaye alikula mtaji, hakuthubutu kuiona pwani tena. Alioa bara, akalima, akazaa, na akawaambia wanawe kwamba Unguja kuna joto sana. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Turudi kwa Waasia wa Uganda. Mwaka 1982 serikali ya Milton Obote ilipitisha sheria ya kuwarudishia mali zilizotwaliwa. Sheria hiyo ilikuwa na sharti ambalo wengi hawakulitazamia: mwenyewe arudi kimwili nchini na kuiendesha mali yake, asikae London akingoja kodi ya pango. Waliorudi mwanzoni walikuwa wachache. Familia kubwa zenye viwanda vya sukari, yaani Madhvani wa Kakira na Mehta wa Lugazi, zilitangulia. Wengine walikuja hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Yoweri Museveni ilipolitilia mkazo jambo hilo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu aliyeondoka akiwa mdaiwa alirudi akiwa mdai. Alibisha hodi katika nyumba aliyoijenga baba yake, akamkuta ndani mama mwenye watoto watano, ambaye mumewe alipewa nyumba hiyo na Bodi na ambaye pengine hakulipa kodi ya miezi kadha. Nani alikuwa na haki? Kisheria, mwenye hati. Lakini mama yule naye hakuvunja mlango. Aliingizwa na serikali iliyokuwapo, akapaka chokaa, akaziba paa lililovuja, na watoto wake hawakujua kwao kwingine. Kesi za namna hiyo zilijaa mahakamani kwa miaka mingi, na si haki kuwacheka walioshindwa.

Tena kulikuwa na doa jingine. Baadhi ya waliofukuzwa walikwisha lipwa fidia na serikali ya Uganda kwa kupitia serikali za nchi walizokimbilia. Nyumba iliyolipiwa fidia haikuwa yao tena. Hata hivyo palizuka malalamiko kwamba baadhi ya nyumba hizo zilichukuliwa upya, ama na wenyewe wa zamani ama na watu waliojidai kuwa mawakili wao, na Bunge la Uganda lilianza kulichunguza jambo hilo mwaka 2019. Kulipwa mara mbili ni deni jipya, hata kama aliyelipwa hajioni mdaiwa.

Serikali yenyewe haikusalimika. Jumba la Bulange, lililokuwa makao ya baraza la Buganda, lilitwaliwa baada ya mapigano ya Mei 1966 na kufanywa makao ya jeshi, na Lubiri, ikulu ya Kabaka, ikawa kambi. Vyote viwili vilirudishwa mwaka 1993. Juu ya mali nyingine, mkataba ulitiwa sahihi baina ya Rais na Kabaka tarehe 1 Agosti, 2013, yaani miaka ishirini baadaye. Deni la dola huchelewa kama deni la raia.

Lakini msomaji wa ukurasa huu hana kiwanda cha sukari wala ikulu. Basi tuchukue mfano wa mtu wa kawaida. Tuseme ni bwana wa Bukoba, Tanzania, aliyekuja Mengo ujanani kuuza samaki wakavu. Julai 1985, serikali ya Obote ilipopinduliwa na risasi zikalia mjini, alifunga chumba chake na kukimbilia kwao. Nyuma yake aliacha kodi ya miezi mitatu na deni la dukani la shilingi 60,000. Leo ana mvi. Binti yake ameolewa Kampala na anamtaka baba aje akae karibu na wajukuu. Mkewe anamhimiza wafungashe. Yeye kila siku ana udhuru: leo mgongo, kesho mvua.

Anachokiogopa ni nini? Huenda anaogopa kwamba afisa wa uhamiaji pale Mutukula atalikuta jina lake katika kitabu. Hofu hiyo haina msingi. Deni la dukani ni jambo la madai baina ya watu wawili, wala si kazi ya polisi wa mpakani. Ingekuwa alichukua mali kwa udanganyifu, au alitoa hundi akijua benki hana kitu, hapo ni jinai, na jinai haiozi kwa miaka. Kukosa kulipa kwa sababu ya vita si jinai.

Pili ni mahakama. Sheria ya Uganda humpa mdai miaka sita ya kufungua kesi ya deni la mapatano, na hukumu iliyokwisha tolewa huishi miaka kumi na miwili. Kwa hiyo, ikiwa hakuna aliyemshitaki, madeni ya mzee huyu yalikufa kisheria zamani. Walakini awe mwangalifu na kalamu. Barua yenye sahihi inayokiri deni, au malipo ya sehemu yake, huweza kuianzisha upya hesabu ya miaka. Anayetaka kulipa na alipe. Anayetaka kuandika maneno matamu ya kuahidi, afikiri kwanza.

Kwa aliyeondoka karibuni hali ni nyingine kabisa. Mdai aweza kumpeleka katika utaratibu wa madai madogo, usiozidi shilingi milioni 10, ambao Mahakama ya Mengo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuutumia. Humo hakuna wakili. Kila mtu hujisemea mwenyewe. Mdaiwa aliyeshindwa kesi na akakaidi aweza kuwekwa gerezani kwa muda usiozidi miezi sita, na mdai ndiye anayetoa fedha za chakula chake. Akitoka, deni liko pale pale. Tena ikiwa kesi imefunguliwa na mdaiwa anaonekana kujiandaa kuitoroka nchi, mahakama yaweza kuamuru akamatwe na kutakiwa dhamana kabla hukumu haijatolewa. Kwa hiyo aliye na deni bichi na afanye mapatano kabla ya kurudi, kwa maandishi, akitaja kiasi na tarehe.

Tumrudie mzee wa Bukoba, maana kwake limebaki jambo ambalo sheria haikulitatua. Atalipa kiasi gani? Mei 1987 Uganda ilibadili fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Deni lake la 60,000 likawa 600. Na shilingi 600 leo hazinunui hata kilo moja ya sukari. Akifika dukani na kuziweka mezani, kihesabu hana kosa, lakini afadhali asingekuja.

Njia waijuayo wanawake wa sokoni ni kuhesabu kwa vitu. Deni halikuwa shilingi. Lilikuwa sukari, mafuta na sabuni. Na ikiwa mwenye duka amefariki, alipwe yule ambaye ukoo au mahakama imemweka kusimamia mirathi, si mtoto wa kwanza kukutana naye barazani. Ni vema malipo yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na risiti iandikwe. Mzee akumbuke pia kwamba Buganda huanza na salamu, tena ndefu. Hapaingiwi na hesabu mdomoni.

Tuseme, basi, amefika, na aliyemkuta ni binti wa marehemu, ambaye sasa naye ni mtu mzima.

"Nnyabo, mimi ndiye yule wa samaki. Mama yako alikuwa akiniandikia."

"Ssebo, karibu uketi. Mama hayupo tena, lakini aliyoyaandika yapo."

Daftari linaletwa, limekula mchwa pembeni. Sukari kilo nne. Mafuta ya taa chupa sita. Sabuni miche miwili. Chumvi. Mzee anauliza bei ya kila kimoja kwa siku ya leo, na mwenyekiti anaandika. Jumla inatoka kubwa kuliko alivyodhani, naye anapungukiwa kidogo; binti anasema chumvi aiache, ilikuwa ya jirani. Wanakunywa chai. Mzee anaweka risiti katika mfuko wa koti na kusimama ili aage.

"Ssebo," asema binti, akionyesha nyumba ya bati ng'ambo ya njia, "na mwenye chumba bado yu hai. Jana tu alikuwa akikutaja."