Santuri Iliyokuja Bujora kwa Garimoshi

Ukiondoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, baada ya kilometa ishirini hivi utafika Kisesa, na kutoka Kisesa si mwendo mrefu kufika Bujora. Bila shaka umekwisha kusikia sifa za mahali hapo: mawe makubwa yaliyopandana, makumbusho ya Wasukuma, na ngoma za Bulabo kila mwezi wa Juni. Mgeni afikaye Bujora huulizia habari za ngoma za watemi na wacheza nyoka. Mimi ni mwenyeji, na leo naomba ruhusa yako nikueleze habari ya kitu kingine ambacho hakimo katika makumbusho. Ni santuri moja ya bendi ya vijana wa Dar es Salaam, bendi ya magitaa ya umeme, ambayo imeishi nyumbani kwetu chini ya kilima hicho tangu mwaka 1977.

Bendi yenyewe iliitwa Sunburst. Usione haya ikiwa hukumbuki jina hilo. Nimewauliza watu wengi wa rika langu, mashabiki wakubwa wa dansi ambao watakutajia wapigaji wa NUTA Jazz mmoja mmoja bila kukosea, nao wakatikisa kichwa.

Santuri hiyo ililetwa na kaka yangu. Wakati huo alikuwa kijana mfanyakazi wa reli ya TAZARA, upande wa Zambia, na reli yenyewe ilikuwa mpya kabisa, kwani ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Alipopata likizo yake ya kwanza alipanda treni Kapiri Mposhi, akaja kilometa 1,860 hadi Dar es Salaam, akabadili na kuingia garimoshi la Reli ya Kati mpaka Mwanza. Safari yote hiyo santuri ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge alichomnunulia mama, na kaka aliiweka mapajani usiku na mchana kwa kuogopa isikanyagwe. Mama alipokifungua kitenge chake na kukuta sahani nyeusi ndani, alidhani amepewa chombo cha kupikia.

Nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Umeme haukuwa umefika kwetu, na kaka alikuwa na mashine ya santuri ya kutumia betri. Jioni ile ya kwanza aliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, akapangusa sindano kwa kidole, akatuamuru tunyamaze. Kwanza ulisikika mkwaruzo kidogo, kisha gitaa, kisha sauti za watu wanaoimba Kiswahili kwa nguvu ambayo sikuwa nimepata kuisikia katika redio. Mama alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Halafu akauliza swali moja tu: "Hawa nao ni Bagika au Bagalu?"

Huenda msomaji ambaye si mwenyeji wa kanda hii asione uzito wa swali hilo, kwa hiyo sina budi kulieleza. Wachezaji ngoma wa Usukumani tangu karne ya 19 wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yao ni mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Vyama hivyo havichezi kwa zamu, kila kimoja kikapigiwa makofi ya adabu. Vinacheza pamoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kwenda huku na huko. Atakayekusanya umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Ndiyo sababu utaona nyoka, utaona nungunungu, utaona majembe yakirushwa juu na kudakwa katika bugobogobo. Kila kitu hufanywa ili jirani yako akuache peke yako na aje kwangu. Hakuna hakimu mwenye karatasi. Mguu wa mtazamaji ndio hukumu. Kwa hiyo mama alipouliza Sunburst ni wa upande gani, alikuwa amekwisha kuwapa heshima kubwa. Aliwasikia kama watu walio uwanjani.

Na kweli walikuwa uwanjani. Bendi hiyo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo, gitaa lilishikwa na Hembi Flory Kongo, besi Bashir Idi Farhan, kinanda Kassim Magati, na ngoma Johnny Rocks. Katika siku zile kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na shabiki alijulikana kwa mtindo: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Afro 70 ya marehemu Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Sunburst mtindo wao waliuita Kitoto. Walichukua mapigo na nyimbo za kienyeji, wakazitia ndani ya muziki wa roki na soul waliokuwa wakiupenda vijana wa mjini, wakaupiga kwa magitaa yenye mkwaruzo. Mwaka 1976 wakatoa nchini Zambia santuri yao kubwa, Ave Africa, ndiyo hiyo iliyofika kwetu ndani ya kitenge.

Ili uelewe ujasiri wa vijana hao, kumbuka hali ya wakati. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wa TANU walikuwa wamekwisha kuendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Suruali pana chini, zile tulizoziita bugaluu, nazo zilimletea mvaaji maneno mengi. (Kaka alikuja nazo likizo, na wazee wa kijijini, waliposikia kwamba suruali ile inaitwa bugaluu, waliamini kabisa kwamba kijana amejiunga na Bagalu huko Zambia.) Katika hali hiyo kundi la vijana kusimama na kupiga muziki wenye sauti kubwa ya umeme, na bado ukawa muziki wa nchi hii, lilikuwa jambo la kufikiri na la kuthubutu. Wako waliosema hao ni waigaji wa Wazungu tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwigaji hawezi kumfanya mwanamke wa Kisesa aulize ni wa chama gani cha ngoma.

Santuri hiyo ilipigwa kwetu kila siku ya sikukuu. Siku za Bulabo wachezaji waliotoka mbali walilala kwa jamaa zao jirani, na usiku walikuja uani kwetu kuisikiliza. Nakumbuka wapiga ngoma wawili walioomba wimbo "Simba Anguruma" urudiwe hata betri zikachoka na simba akaanza kunguruma polepole kama aliyeshikwa na usingizi. Kesho yake kaka alizianika betri juani ili zipate nguvu kidogo, kama tulivyofanya wote zamani hizo.

SINDANO BUTU

Jambo la kusikitisha lilitokea katika mwaka 1983 au karibu na hapo. Kanda za kaseti zilikuwa zimeenea, na kaka alitaka kuihamisha santuri kwenye kanda ili asiichakaze. Aliipeleka mjini kwa fundi mmoja aliyekuwa akinakili muziki kwa malipo. Iliporudi, upande wa kwanza ulikuwa salama. Upande wa pili ulikuwa umechimbwa na sindano butu, mtaro juu ya mtaro, na ukiuweka hausikii kitu ila mlio wa mahindi yakikaangwa. Kanda tuliyopewa ilikuwa na upande wa kwanza, na baada ya hapo mahubiri ya mtu tusiyemfahamu. Kaka hakugombana na fundi yule. Alirudi nyumbani, akaiweka santuri ndani ya mfuko wake, na kwa muda wa wiki nzima hakutaka kuzungumza na mtu.

Tangu siku hiyo nusu ya santuri ikawa inaishi katika kumbukumbu yake tu. Nyimbo za upande wa pili alizipiga mluzi akichunga, akaziimba akioga, akawafundisha wanawe. Wanawe wakazitia mapigo ya ngoma, nazo zikaimbwa katika harusi mbili za ukoo wetu, na wageni wakadhani ni nyimbo zetu za asili.

Hapa nakuomba msomaji tutazame kwa makini tofauti iliyopo. Wimbo wa ngoma wa Bujora hauhitaji mashine. Unakaa katika chama. Mtunzi akifa wanachama wanaendelea nao, wakiubadili kidogo kila msimu. Tena umepata watu wa kuutunza kwa njia nyingine. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, ngoma za watemi zingeweza kuliwa na mchwa. Lakini Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, pamoja na Wasukuma wa chama cha Bana Sesilia, walikuwa wamekwisha kuanza tangu miaka ya 1950 kukusanya vitu na nyimbo hapo Bujora, na kwa sababu hiyo leo mwanao anaweza kuziona ngoma hizo. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson naye alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, akazitolea kitabu kikubwa mwaka 2010.

Je, bendi iliyovunjika ina nani? Haina chama cha kuirithi. Kilichobaki ni rekodi peke yake, na rekodi ina maisha ya kubahatisha. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kugandamizia santuri. Nyingi ziligandamizwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwezi Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia hiyo nayo ikafungwa. Muziki mwingine ulirekodiwa na Radio Tanzania katika kanda kubwa za sumaku, ukapigwa hewani, lakini mwananchi hakuwa na nakala ya kuweka kabatini. Na Sunburst, ambao santuri yao kubwa ilitoka Zambia, hawakuwa na bahati ya kusikika kila nyumba. Ndipo utakapoona kwamba nakala iliyo chini ya kitanda cha mtu wa Ilala, Nyakato au Tabora yaweza kuwa na thamani kuliko anavyodhani mwenyewe.

Kama unayo santuri ya namna hiyo, ya bendi yoyote, nisikilize kwa dakika moja. Isimamishe wima kama kitabu, usiilaze moja juu ya nyingine, kwa maana uzito huikunja. Iepushe na jua na bati lenye joto. Ishike kingoni, usiguse mitaro yake. Vumbi lipanguse kwa kitambaa laini kikavu, kwa kufuata mzunguko. Usitumie mafuta ya taa wala spiriti, hata kama jirani anakuapia kwamba inang'aa. Sindano ikichakaa ibadilishe, na kama huna nyingine, heri santuri ikae kimya mwaka mzima. Kanda za kaseti zizungushe mara moja moja mbele na nyuma zisigandamane. Na usimpe mtu akanakili usipokuwapo wewe mwenyewe. Hilo tumelilipia.

UPANDE WA PILI

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya rekodi zote za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976 kwa jina lile lile la Ave Africa. Wageni wa Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta muziki wa roki wa Zambia wa miaka ile, wa bendi kama WITCH, na katika kutafuta huko Sunburst nao wakapata wapenzi wapya. Habari hiyo haikutufikia upesi. Ilikuwa mwezi Juni 2019, siku za Bulabo, binti yangu alipokuja likizo na kumwambia baba yake mkubwa kwamba anazo katika simu nyimbo zote, za pande zote mbili.

Kaka alikuwa na miaka zaidi ya sitini na tano, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuziba. Aliketi uani, simu ikawekwa ndani ya sufuria ili sauti itoke vizuri, akainamisha sikio la kulia. Kwa mbali tulisikia ngoma za uwanjani. Upande wa kwanza aliupitia akitabasamu, midomo ikitangulia maneno. Kisha ukaja upande wa pili, ambao hakuusikia kwa miaka thelathini na sita.

Katika wimbo mmoja alikunja uso. Akamwomba binti aurudie. Akausikiliza tena, akanyanyua mkono.

"Hawa wamekosea," akasema. "Hapa sauti inapanda. Wao wameishusha."

Wanawe walicheka mpaka wakashika mbavu, maana nao walikuwa wakiupandisha mahali hapo maisha yao yote, na harusi mbili ziliupandisha. Kaka hakucheka. Alituimbia kipande kile kwa namna yake, sauti ikitetemeka kidogo, kisha akaagiza simu izimwe na mashine ya zamani iletwe. Santuri ikatolewa ndani ya mfuko wake uliochakaa, ikawekwa upande uliochimbwa, nasi tukaketi tukisikiliza mahindi yakikaangwa, yeye akiimba juu yake.