Vijana Wetu Wanapotukanwa, Vifuani Mwao Mna Nini?

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake ulimwengu umezoea kuwaita Wamormoni, hufanya mkutano wake mkuu katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani. Kwa miaka mingi waumini wamekuwa wakifika kifamilia, wazee kwa watoto, wakielekea kwenye ukumbi wenye viti vipatavyo 21,000 ulio ng'ambo ya barabara kutoka kwenye eneo la hekalu lao.

Lakini kabla ya kuufikia mlango, familia hizo hulazimika kupita mbele ya watu wengine. Ni wahubiri wa mitaani, Wakristo wa madhehebu mengine, waliobeba mabango na vipaza sauti. Humwita nabii wa Wamormoni mwongo, huwaambia akina mama kwamba wanawapeleka watoto wao motoni, na baadhi yao wamethubutu hata kuyachezea hadharani mavazi ambayo Wamormoni huyahesabu kuwa matakatifu.

Katikati ya kelele hizo, mara kadhaa limeonekana jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Vijana wa kanisa hilo hukusanyika kando ya njia, wakasimama bega kwa bega na kuanza kuimba tenzi zao. Hawamjibu mhubiri hoja kwa hoja, wala hawamnyang'anyi bango lake. Mpita njia husikia sauti mbili kwa pamoja, moja ya matusi na nyingine ya ibada, naye huachiwa apime mwenyewe.

Ndugu msomaji asitufahamu vibaya. Sisi na Wamormoni hatuko pamoja katika itikadi. Muhammad (s.a.w.) ndiye mwisho wa Mitume, na hakuna nabii baada yake. Hitilafu hiyo ni kubwa na hatuifichi. Hata hivyo, Uislamu haukutufundisha kuufumbia macho wema unapoonekana kwa mwingine. Nasi tunao vijana, na vijana wetu nao hutukanwa. Kwa hiyo swali linatuhusu: vijana wale waliipata wapi subira ile?

Historia yao inatoa sehemu ya jibu. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1830 na Joseph Smith katika jimbo la New York. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri ya kuwafukuza Wamormoni katika jimbo lake au kuwaangamiza. Mwaka 1844 Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha alipokuwa kizuizini katika mji wa Carthage, Illinois. Waliobaki walihama kuelekea magharibi, na wa kwanza wakafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Katika safari hiyo ya majonzi walikuwa na tenzi zao. Kitabu chao cha kwanza cha tenzi kilikuwa kimekwisha kukusanywa na Emma, mke wa Joseph Smith, miaka michache tu baada ya kanisa kuanzishwa. Kijana anayeimba leo kando ya barabara anaimba alichoimba babu wa babu yake njiani.

Sehemu nyingine ya jibu imo majumbani mwao. Kwa miaka mingi kanisa hilo limezihimiza familia kutenga jioni moja ya wiki, ambayo kwa desturi ni Jumatatu, wazazi wakae na watoto wao, wasome, waombe na waimbe pamoja. Vijana wa miaka 14 hadi 18 huhudhuria madarasa ya dini katika siku za shule, na sehemu nyingi hufanya hivyo alfajiri, kabla ya masomo ya kawaida. Kijana aliyelelewa hivyo anapokutana na mwenye bango, ulimi wake hauna haja ya kutafuta neno. Neno limo kifuani tangu utotoni.

Si kwamba hawakupata kuteleza. Mwaka 2003, wahubiri walipoyachezea mavazi yale wakati wa mkutano, baadhi ya waumini walishindwa kujizuia wakataka kuwanyang'anya, na mambo yakaishia mikononi mwa polisi. Hasira ni maumbile ya mwanadamu. Kinachotofautiana ni malezi yanayoipokea.

Sasa na tujitazame sisi. Mwezi Juni 2012, katika mji wa Dearborn, Michigan, wenye Waislamu wengi wa asili ya Kiarabu, kulikuwa na tamasha la kila mwaka la Waarabu. Likafika kundi la wahubiri wa aina ileile wanaokwenda Salt Lake City, wakiwa na mabango ya kumtukana Mtume wetu (s.a.w.) na kichwa cha nguruwe kilichotundikwa juu ya mti. Walikuja kuchokoza, na wakachokoza. Vijana wetu, wengi wao wakiwa bado wadogo, wakawarushia chupa, mawe na takataka. Maofisa wa usalama wa wilaya wakawaamuru wahubiri waondoke, la sivyo wangeshtakiwa.

Yawezekana siku ile vijana wale walirudi nyumbani wakijiona washindi. Wahubiri wakaenda mahakamani. Mwezi Oktoba 2015 majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita waliwapa ushindi. Walisema kwa ufupi kwamba mwenye kusema hawezi kunyamazishwa kwa sababu wasikilizaji wake wamekasirika na kufanya fujo, na kwamba kazi ya maofisa ilikuwa kuwazuia warushaji. Basi aliyetukana akatoka na hukumu mkononi, na aliyetukanwa akaandikwa katika kumbukumbu za mahakama kuwa mfanya fujo. Chupa zile hazikumtetea Mtume (s.a.w.) kwa lolote.

Nasi hapa Tanzania tunayo kumbukumbu yetu ya mwaka huohuo. Oktoba 2012, Mbagala jijini Dar es Salaam, mabishano ya watoto wawili yalisababisha msahafu kunajisiwa. Uchungu ulikuwa wa haki, kwani Muislamu gani asiyeumia Kitabu cha Mola wake kinapodhalilishwa? Lakini ghadhabu ilipovuka mpaka, makanisa yalishambuliwa na watu wengi wakatiwa mbaroni. Kosa la mtoto mmoja likawafikia jirani wasiokuwa na hatia, na dini yetu ikasemwa kwa kile kilichofanywa na mikono ya wachache.

Upo pia mfano wa kutufurahisha. Mei 2013, askari mmoja alipouawa mtaani London na watu waliodai kuutetea Uislamu, kundi la wazalendo wenye chuki lilitangaza kwamba litaandamana mbele ya msikiti wa mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Waislamu wa pale, pamoja na majirani waliokuja kuwaunga mkono, wakaandaa chai na biskuti. Waandamanaji waliofika walikuwa wachache. Walikaribishwa, wakanywa, wakazungumza, na mwisho wakacheza mpira na wenyeji wao. Askofu Mkuu wa York wakati huo, John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, aliwasifu Waislamu hao hadharani. Chai ile haikuwa woga. Ilikuwa da'wah.

Haya si mambo ya kuazima kwa Wamormoni wala kwa Waingereza, kwani asili yake tunayo. Sura ya Al-Furqan, aya ya 63, inawasifu waja wa Rahmani kuwa ni wale ambao wajinga wakiwasemesha hujibu kwa maneno ya salama. Sura ya Fussilat, aya ya 34, inatuamuru kuuondosha ubaya kwa lililo jema zaidi, na inatupa matumaini kwamba adui huenda akageuka kuwa rafiki wa karibu. Na Sura ya Al-An'am, aya ya 108, inatukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga.

Tukitaka mfano ulio karibu zaidi na vijana wale wa kando ya njia, turudi Uhud. Waislamu wamejeruhiwa, wamepoteza wapendwa wao, na Abu Sufyan, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, anasimama akiuliza kwa sauti kama Muhammad yuko hai. Mtume (s.a.w.) aliwaambia Maswahaba wasimjibu. Lakini Abu Sufyan alipolitukuza sanamu lake Hubal, Mtume (s.a.w.) akawaamuru wajibu, na akawafundisha la kusema: kwamba Allah ndiye wa juu zaidi na Mtukufu zaidi. Tuizingatie adabu hii. Alipochokozwa yeye binafsi, aliamuru kimya. Alipoguswa Mola wake, jibu lilikuwa ni kumtukuza Mola. Hakuna tusi lililojibiwa kwa tusi.

Kazi hii, basi, ni ya nyumbani kabla ya kuwa ya msikitini. Tunawaomba wazazi wazingatie mambo matatu.

Kwanza, tuwajaze watoto kabla hawajachokozwa. Wengi wetu tunawapeleka chuoni wakahifadhi Juzuu Amma, na hilo ni jema, lakini tumewakalisha lini tukawaeleza maana ya walichohifadhi? Tutenge jioni moja ya wiki, baada ya Magharibi, simu zikiwa zimezimwa. Tusome aya chache pamoja, tumsalie Mtume (s.a.w.), tusimulie kisa kimoja cha sira. Kifua kitupu hujazwa na wa mtaani.

Pili, tuwafanyishe mazoezi ya kujibu. Mtoto aulizwe: mwenzako darasani akimkejeli Mtume wako, utasema nini? Ukitumiwa katuni ya kejeli kwenye simu, utafanya nini? Heri akosee mbele ya mama yake kuliko mbele ya umati. Na afahamu kwamba mchokozi mara nyingi ana kamera, na kwamba anachokisubiri ni ile chupa.

Tatu, na hili ndilo zito, watoto wanatutazama sisi. Mhubiri akipanda kwenye daladala na kuanza kuisema dini yetu, baba hufanya nini na mwanawe yuko pajani? Akifoka na kutukana, mtoto amekwisha kupata somo. Akitulia, akamsalie Mtume (s.a.w.) kwa sauti ya chini, kisha wakifika nyumbani akamweleza mwanawe kwa utaratibu ukweli uko wapi, mtoto amepata somo jingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hatusemi kwamba dhulma inyamaziwe. Anayevunja sheria ashitakiwe, na anayepotosha ajibiwe kwa elimu na wenye elimu. Tunachosema ni kwamba iko siku kijana wetu atasimama peke yake, sisi hatupo, na mbele yake kuna mtu aliyekuja kumtia hasira. Saa ile hatatoa ila kile tulichomtilia.

Tunamuomba Allah (s.w.) avijaze vifua vya watoto wetu Qur'ani, subira na hekima, na aturuzuku sisi wazazi kuwa wa kwanza kuyafanya tunayowausia. Amin.