Mgongo ulipasuliwa, maumivu yakabaki: tufanye nini?



Katika makanisa yetu kuna swali linalorudi mara kwa mara. Ndugu fulani amepasuliwa mgongo. Kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa, na daktari amesema kazi ilikwenda vizuri. Lakini miezi sita imepita, na huyo ndugu bado hawezi kukaa kwenye benchi la kanisa mpaka mwisho wa mahubiri. Jamaa wanaanza kuulizana: je, daktari alikosea? Kuna mtu aliyemroga? Au anajifanya tu, ili asirudi kazini? Kisha jambo linaletwa mbele ya wazee wa kanisa: tukusanye pesa ili apasuliwe mara ya pili?

Tunaandika haya ili, kabla ya kujibu, tujue yale ambayo watafiti wamejifunza juu ya maumivu ya namna hii. Jambo kubwa ni hili: maumivu yanayobaki baada ya upasuaji ni ya kweli, lakini mara nyingi kisu cha pili si dawa yake.

Mgongo ni chombo cha kazi

Tufikiri juu ya Lubudi, katika jimbo la Lualaba. Mji wenyewe uko kwenye reli inayotoka Tenke kwenda Kamina, na watu wanaujua kwa ajili ya kiwanda chake cha simenti. Katika teritware hiyohiyo iko Fungurume, mahali pa shaba na kobalti. Huko kijana anapandisha mifuko ya mawe kutoka shimoni. Mwingine anapakia mifuko ya simenti. Mama anabeba bidoni ya litre 20 kichwani na mtoto mgongoni, halafu anainama shambani na jembe. Dereva wa pikipiki anapigwa na mashimo ya barabara tangu asubuhi mpaka jioni.

Mahali kama hapo, mtu ambaye mgongo wake umekataa amepoteza bukari ya watoto wake. Ndiyo sababu jamaa wanakuwa na haraka ya kumpeleka Kolwezi au Lubumbashi, na wenye uwezo wanafika hata Zambia, Afrika ya Kusini au India. Wanauza shamba, wanakopa, kanisa linatoa toleo. Na maumivu yakibaki, mgonjwa anabeba mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza: haya, kwa kuwa wote walimtolea na yeye hakupona.

Hatuko peke yetu katika shida hii. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Wengi kati yao hawahitaji kupasuliwa kamwe.

Upasuaji unafanya nini, na haufanyi nini

Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna diski, kama vile mito midogo inayozuia mfupa usigonge mfupa. Wakati mwingine diski inatokeza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mtu anasikia kama moto unaotoka kwenye tako na kuteremka mpaka kwenye unyayo. Madaktari wanaita hali hiyo siatiki. Mwaka 1934, madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba kuondoa kipande cha diski kinachobana kunaweza kuleta nafuu. Tangu wakati huo upasuaji huo umefanyika duniani kote.

Upasuaji huo unaondoa kitu kinachobana neva. Kwa hiyo unasaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko maumivu ya mgongo wenyewe. Mtu aliyekuja na moto wa mguuni ana tumaini kubwa kuliko mtu aliyekuja na mgongo unaouma bila mguu kuuma. Jamaa wengi hawakuelezwa tofauti hii, na hapo ndipo masikitiko yanapoanzia.

Jambo la pili ni wakati. Huko Uholanzi, watafiti walichukua wagonjwa 283 wenye siatiki kali na kuwagawanya kwa kura. Kundi moja lipasuliwe mapema, lingine lingoje likitunzwa bila kisu, na kupasuliwa tu kama hali inazidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, baada ya karibu wiki 4, na wale wengine baada ya karibu wiki 12. Katika kundi la kungoja, 39 kwa kila 100 walipasuliwa baadaye. Lakini mwaka ulipokwisha, katika makundi yote mawili, 95 kwa kila 100 walisema wamepona. Maana yake, kwa wagonjwa wa aina hiyo, kisu kinafupisha safari. Lakini wengi wa waliongoja walifika palepale bila kisu.

Kwa nini maumivu yanabaki

Vitabu vya madaktari vinasema kwamba kati ya watu 10 na 40 kwa kila 100 wanaopasuliwa mgongo wa chini wanaendelea kuumwa, kulingana na aina ya upasuaji na ya ugonjwa. Zamani hali hiyo iliitwa kwa jina lenye maana ya “upasuaji wa mgongo ulioshindwa”. Jina hilo lilimtia lawama daktari na kumkatisha mgonjwa tamaa. Mwaka 2021 kundi la wataalamu lilipendekeza jina lingine, lenye maana ya maumivu ya uti wa mgongo yanayodumu. Sababu zake si moja.

Kwanza, pengine kilichoondolewa hakikuwa chanzo cha maumivu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa hata kidogo. Kati ya wenye miaka 20, watu 37 kwa kila 100 walikuwa tayari na diski zilizochakaa. Kati ya wenye miaka 80 walikuwa 96. Diski zinachakaa kama vile nywele zinavyoota mvi. Basi picha ya skana peke yake haitoshi kusema, “Tazama, ugonjwa ni huu.”

Pili, neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kuwa imeumia. Kuondoa jiwe juu ya mmea hakuusimamishi mmea siku hiyohiyo, na wakati mwingine hausimami tena wote.

Tatu, kovu linaweza kuizunguka neva, diski ileile inaweza kutokeza tena, au kiungo cha jirani kinaanza kubeba uzito zaidi.

Nne, mwili una mfumo wa kutoa hatari, kama mbwa anayelinda lupango. Mwizi akija, mbwa anabweka, na hiyo ni kazi yake. Lakini mbwa aliyeibiwa usiku baada ya usiku anaanza kubweka hata kwa upepo. Uti wa mgongo na ubongo vinaweza kufanya hivyo: baada ya miezi ya maumivu, vinaendelea kupiga kelele ijapokuwa mwizi amekwisha ondoka. Hofu, kukosa usingizi, huzuni na deni vinaongeza sauti ya mbwa huyo. Hii haina maana kwamba mgonjwa anasema uongo. Kelele ni ya kweli, na yeye anaisikia usiku na mchana.

Je, apasuliwe tena?

Huko Norway watafiti walichukua wagonjwa 60 waliokwisha kupasuliwa diski, na ambao waliendelea kuumwa mgongo zaidi ya mwaka mmoja. Waliwagawanya kwa kura. Kundi la kwanza lilipasuliwa tena, mifupa ikaunganishwa kwa skrubu. Kundi la pili lilifundishwa kuelewa maumivu, kuacha kuogopa mgongo wao, na kufanya mazoezi chini ya uangalizi. Matokeo yalitolewa mwaka 2006: baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Katika kila kundi karibu nusu waliendelea vizuri. Lakini kundi moja lilikuwa limepita tena kwenye hatari na gharama ya kisu.

Kuna pia chombo kidogo cha umeme kinachopandikizwa mwilini ili kutuliza uti wa mgongo. Mwaka 2007 jaribio la wagonjwa 100 lilionyesha kwamba miezi 6 baada ya kukipata, 48 kwa kila 100 walipungukiwa maumivu ya mguu kwa nusu au zaidi, na kati ya waliotunzwa kwa njia za kawaida peke yake walikuwa 9 tu. Habari hiyo ilifurahisha wengi. Lakini kila mgonjwa alijua kama amepewa chombo au hapana, na matumaini yenyewe yana nguvu ya kutuliza. Basi huko Norway watafiti waliwapandikizia wagonjwa 50 aina moja ya chombo hicho. Kwa miezi fulani kiliwashwa, kwa miezi mingine kilizimwa, na mgonjwa hakuambiwa ni wakati gani. Mwaka 2022 walitoa jibu: hakukuwa na tofauti ya maana.

Tunaeleza haya kwa sababu watu wanakuja kwetu na ahadi za mashine na sindano za bei kali. Swali la kuuliza ni moja: je, jambo hili limekwisha kulinganishwa kwa haki na kitu kingine?

Kinachosaidia

Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa maongozi juu ya maumivu ya mgongo yanayodumu. Linashauri kumfundisha mgonjwa, mazoezi, msaada wa moyo na akili, na dawa fulani kwa uangalifu. Linakataza dawa za jamii ya afyuni, ambamo tramadoli imo, zisitumiwe kama desturi, kwa kuwa zinaweza kumfunga mtu. Mwaka huohuo, huko Australia, jaribio la watu 492 wenye mgongo wa kudumu lilionyesha kwamba mafundisho ya wiki 12, pamoja na mtaalamu wa kinesiterapi, yaliwasaidia kufanya kazi zao vizuri zaidi, na nafuu hiyo ilikuwapo hata mwaka ulipopita. Hao si wote waliopasuliwa, lakini njia ni ileile.

Huku kwetu njia hiyo inaweza kuanza bila mashine. Mtu atembee kila siku, kidogo kidogo, leo mpaka kwa jirani, wiki ijayo mpaka kanisani. Asilale kitandani siku nzima. Maumivu yakiongezeka kidogo baada ya kutembea, si alama kwamba mgongo umevunjika. Mzigo ugawanywe: nusu bidoni mara mbili, au baiskeli, mahali pa bidoni nzima kichwani. Arudi kazini kwa hatua, kwa kazi nyepesi kwanza. Na asinunue dawa njiani bila kumwuliza muuguzi.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kuna dalili ambazo hazingoji. Mgonjwa ashindwe kukojoa, au mkojo na choo vitoke bila yeye kujua. Ganzi katikati ya mapaja. Mguu unaozidi kulegea. Homa, jasho la usiku, kidonda kutoa usaha, kukonda bila sababu. Tusisahau kwamba kifua kikuu kinaweza kukaa katika mifupa ya mgongo. Hapo mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo, na pengine kisu cha pili ndicho kitakachomwokoa.

Kanisa lifanye nini

Rafiki watatu wa Yobu walipofika, waliketi pamoja naye chini siku saba mchana na usiku, wasiseme neno. Hapo walifanya vizuri. Walikosea walipofungua kinywa na kutafuta dhambi iliyoleta maumivu. Sisi nasi tusimwambie mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo, wala kwamba jirani amemroga. Tumwombee, na kesho yake tutembee naye mpaka sokoni.

Na jambo la pesa likiletwa mbele ya wazee, mtu mmoja anayejua kusoma karatasi za hospitali amsindikize mgonjwa kwa daktari na kuuliza: ni nini hasa mtakachotengeneza? Kinaleta maumivu ya mguu au ya mgongo? Kati ya watu kumi kama yeye, wangapi wanapata nafuu? Tukingoja miezi mitatu na mazoezi, kuna hatari gani? Daktari mwema hakasirikii maswali hayo.

Kama majibu yanaonyesha kwamba upasuaji unahitajika, tutoe bila kunung'unika. Kama sivyo, toleo lile linaweza kulipa mtaalamu wa kinesiterapi, au chakula cha watoto kwa miezi ambayo baba anarudi kazini polepole, au mtaji wa kazi isiyohitaji kubeba. Hiyo pia ni matibabu, na ndugu yetu hatakuwa na sababu ya kuona haya mbele ya kanisa lililomtolea.