Kilomita 21 kwa mtimkaji wa polepole: maandalizi yaanze wiki 16 kabla

MKENYA Kibiwott Kandie alipoweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Valencia, Uhispania, mnamo Desemba 2020, alitumia dakika 57 na sekunde 32. Kila kilomita aliimaliza kwa chini ya dakika mbili na sekunde 44. Rekodi hiyo imekwisha kuvunjwa, lakini huo ndio mwendo unaowajia wengi akilini mbio zinapotajwa humu nchini. Kwa karani, mwalimu au mwenye duka anayekimbia kilomita moja kwa dakika tisa, hilo ni tatizo. Katika nchi ya mabingwa mwendo wake huonekana mithili ya mzaha, naye huona haya hata kujisajili.

Kwa mwendo huo wa dakika tisa, mtu huyo atakamilisha kilomita 21.0975 kwa takriban saa tatu na dakika kumi. Huo ni muda unaozidi mara tatu ule aliotumia Kandie. Bingwa hufika utepeni jua likiwa bado changa, ilhali mwenzake wa nyuma humulikwa, huona njaa, na miguu yake hugonga lami maelfu ya mara zaidi. Kwa sababu hiyo, kupunguza tu ratiba ya bingwa hakumfai. Anahitaji ratiba yake mwenyewe.

Wiki 16 zinamtosha mtu ambaye tayari anaweza kutembea kwa kasi kwa saa moja bila kutaabika. Asiyeweza hilo na aanzie hapo kwanza. Aliyepita umri wa miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, anapaswa kumwona daktari kabla ya kununua hata soksi.

Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinatosha. Mbili ziwe za dakika 30 hadi 45, na ya tatu, ambayo kwa wengi ni Jumamosi au Jumapili, iwe ya safari ndefu. Safari hiyo ianze na kilomita tano, iongezwe kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili mwili upate kujikarabati. Mtu akifikisha kilomita 17 au 18 wiki tatu hivi kabla ya mbio, hana haja ya kuendelea zaidi. Hizo zitakuwa zimemchukua zaidi ya saa mbili u nusu, na uchovu unaozidi hapo huharibu kuliko unavyojenga.

Ongezeko hili dogo lina sababu yake. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, baada ya wiki chache tu. Kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mwanagenzi wengi huumia katika wiki ya sita au ya saba, wakati pumzi imekuwa nzuri nao wanajiona wameiva. Maumivu ya mfupa wa muundi au ya goti yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia si ya kuvumiliwa. Ni heri kupoteza siku nne za mazoezi kuliko kupoteza msimu mzima.

Kuhusu kasi, kipimo ni ulimi. Anayekimbia aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, anakwenda mbio mno. Watu hudhani agizo hili ni la wanyonge, kumbe hata wanariadha wa Iten na Kaptagat hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao kwa mwendo ulio chini sana ya ule wa mashindano, na siku za mapumziko huanza kama watu wanaoburura miguu. Wanaotaka kushindana kila asubuhi, mara nyingi, ni hawa wa mjini.

Kutembea nako si aibu. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki za Munich za mwaka wa 1972, alijijengea jina kwa kufundisha watu kukimbia na kutembea kwa zamu tangu mwanzo wa safari, kabla uchovu haujafika. Mtu aweza kukimbia dakika tatu na kutembea moja, au mbili kwa moja. La muhimu ni kuanza kutembea angali na nguvu. Anayengoja hadi ashindwe huwa hatembei tena, hujikokota.

Viatu ndivyo gharama kubwa, ingawa si lazima viwe vipya. Katika soko la Gikomba au Toi hupatikana viatu vya mbio vya mitumba ambavyo havijatumika sana. Mnunuzi avigeuze atazame kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, aviache. Kisha abonyeze soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, ule ulaini wa kupunguza kishindo umekwisha, hata kama kiatu kinang'aa juu. Nafasi ya upana wa kidole ibaki mbele ya kidole kirefu, kwa kuwa miguu huvimba.

Suala la maji ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, na hapa mtimkaji wa polepole yumo hatarini kuliko bingwa. Wengi wameambiwa wanywe kila wanapofika mezani, na kwa kuwa wao huenda taratibu, hupata nafasi ya kunywa sana. Maji yakizidi jasho linalotoka, chumvi ya damu huzimuka. Mtu hushikwa na kichefuchefu, kichwa humuuma, huchanganyikiwa, na anaweza kufa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kupata kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzani njiani na waliotumia zaidi ya saa nne. Basi kiu ndiyo iwe kiongozi. Anayemaliza safari ndefu akiwa mzito kuliko alivyoondoka amekunywa kupita kiasi. Aidha, vidonge vya kutuliza maumivu kama vile ibuprofeni visimezwe asubuhi ya mbio, kwani huongeza mzigo wa figo.

Chakula hakihitaji maajabu. Uji, chai na mkate, au ndizi mbili, saa mbili kabla ya kuondoka, vyafaa. Ila viwe vimejaribiwa mazoezini. Mafuta ya kujipaka kwapani na mapajani huepusha michubuko ambayo mtu huigundua anapooga.

Kabla ya kulipa ada, mtu aulize muda wa mwisho unaoruhusiwa, maana mashindano mengine hufungua barabara kwa magari na kuondoa meza za maji wakati wa nyuma wangali njiani. Anayetoka Mombasa au Malindi kwenda kukimbia Nairobi, ambako mwinuko ni takriban mita 1,700, ajue kwamba pumzi itapungua, hivyo aongeze sekunde kadhaa kwa kila kilomita.

Siku yenyewe asimame nyuma kabisa ya umati. Bunduki ikilia, wote watamwacha, na kilomita tatu za kwanza atajiona peke yake. Azikimbie kwa mwendo ule ule wa Jumapili zake. Kuanzia kilomita ya 14 hivi atawakuta wengi kando ya barabara, mikono kiunoni.