Fedha za Kaunti ya Garissa na Kalenda ya Mvua

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yasema kwamba makisio ya mapato na matumizi ya kila kaunti katika Kenya sharti yafikishwe mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya kupita tarehe 30 Aprili. Mwezi huo huo wa Aprili ndio mvua ya gu inyeshapo katika nchi ya Garissa. Mfugaji aliyekaa karibu na kisima tangu Januari, akihesabu ng'ombe waliosalia, husikia ngurumo upande wa malisho, akafunga mizigo juu ya ngamia na kuondoka. Basi fedha za mwaka mzima huja kujadiliwa wakati ambapo mwenyewe hayupo. Jambo hili la tarehe lina uzito kuliko watu wanavyodhani, nasi twataka kulieleza leo kwa urefu.

Yafaa kwanza tujue fedha hizo ni kiasi gani na zatoka wapi. Serikali ya Kaunti ya Garissa ilianza kazi Machi 2013, baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 mwezi huo, kwa kufuata Katiba ya mwaka 2010. Kabla ya hapo palikuwa na Baraza la Wilaya ya Garissa na Baraza la Manispaa. Mabaraza ya wilaya katika Kenya yalikuwa na jina kubwa na mkoba mdogo. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea kazi za elimu ya msingi, afya na barabara, na tangu 1970 kazi hizo zikawa mikononi mwa wizara za Nairobi. Yalibaki na ushuru wa soko, leseni za maduka na mambo madogo madogo. Sheria ya mwaka 1998 iliyapa tena sehemu ya kodi ya mapato, 5 kwa mia, lakini fungu hilo liligawanywa kwa mabaraza yote ya nchi nzima, miji mikubwa ikiwamo.

Kwa nchi ya kaskazini palikuwa na mzigo wa pili. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulikuwa umeelekeza kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali ambapo zitazaa faida kubwa zaidi. Mahali hapo palieleweka kuwa ni kule kwenye mvua nyingi, mashamba ya kahawa na chai, na reli. Garissa haikuwa na hata kimoja katika hivyo.

Kwa hiyo mwaka wa fedha 2013/14, Garissa ilipogawiwa shilingi zipatazo bilioni 4.2 kutoka Hazina ya Kitaifa, lilikuwa jambo jipya kabisa. Kufika mwaka 2021/22 mgao huo ulikuwa umepanda hadi bilioni 7.9 hivi. Hizi si fedha za hisani. Katiba yaamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zipate angalau 15 kwa mia ya mapato ya taifa, na kwamba fedha hizo zipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu.

Mapato yanayokusanywa ndani ya kaunti yenyewe ni habari nyingine. Katika miaka kumi ya kwanza, katika kila shilingi mia za bajeti ya Garissa, zilizotoka sokoni, madukani, hospitalini na kwenye viwanja zilikuwa kama moja au mbili tu. Wengine husema ni uvivu wa watoza ushuru, nao hawakosi lawama. Lakini sababu iliyo kubwa ni namna ardhi ilivyo. Kodi ya ardhi hutozwa penye viwanja vilivyopimwa, navyo vimo mjini. Sehemu kubwa ya nchi ni ardhi ya jamii, ambayo Sheria ya mwaka 2016 yaitambua, wala hakuna mtu mmoja wa kupelekewa hati ya kudai. Soko la mifugo la Garissa ni mojawapo ya masoko makubwa katika Afrika Mashariki, na malori ya ng'ombe huondoka pale kwenda Nairobi na Mombasa. Lakini ushuru wa mnyama mmoja ni mdogo, na ukame ukija wanyama wa kuuzwa hukonda na bei hushuka, kisha soko hunyamaza.

Kwa kuwa fedha zatoka Nairobi, namna ya kuzigawa ni jambo la kufa na kupona. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza kanuni, na Seneti huikubali au huibadili. Mwaka 2020 ulizuka ugomvi mkubwa. Pendekezo lililokuwapo lilitia nguvu katika idadi ya watu, na kwa hesabu hiyo Garissa, Wajir, Mandera, Tana River na kaunti kadhaa za pwani zingepata pungufu kuliko zamani. Wenye kaunti za watu wengi walisema kila mtu astahili shilingi yake sawa na mwenzake. Wenye kaunti pana walijibu kwamba shilingi hailingani pote. Vihiga, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Garissa, yenye watu 841,353, hawakufika 20, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 44,000, yaani yaipita nchi ya Uswisi. Zahanati moja ya Vihiga yaweza kutazamwa na vijiji vingi kwa miguu. Zahanati ya huku Fafi au Ijara yatazamwa na watu wachache, lakini dawa zake husafiri siku nzima, na gari linalozibeba hubadilishwa matairi mapema.

Ugomvi huo ulimalizika tarehe 17 Septemba 2020. Haukumalizwa kwa upande mmoja kumshinda mwenzake: fungu la kaunti zote liliongezwa kutoka bilioni 316.5 hadi 370 ili asiwepo wa kupoteza. Katika kanuni iliyotokea, ukubwa wa nchi ulipewa 8 kwa mia, umaskini 14, idadi ya watu 18, na fungu la sawa kwa kila kaunti 20. Yaliyosalia yakaenda kwa afya, kilimo, barabara na miji. Msomaji na atazame tena hiyo 8. Ndiyo iliyolipia umbali wote tuliousema. Wala idadi ya watu yenyewe haikuwa bila ubishi, kwani mwaka 2010 Serikali ilikataa matokeo ya hesabu ya mwaka 2009 katika wilaya 8 za kaskazini, Lagdera ya Garissa ikiwa mojawapo, ikisema yamezidi kiasi, na shauri likapelekwa mahakamani. Penye mgao wa fedha kwa vichwa, kuhesabiwa ni mali.

Sasa tuje kwenye matumizi. Sheria yataka angalau 30 kwa mia ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zasema mishahara isipite 35 kwa mia ya mapato. Kaunti nyingi zimepita kiwango hicho cha mishahara, Garissa ikiwa miongoni mwao. Haifai kuwalaumu watumishi wote kwa pamoja, maana wauguzi na madaktari ni watumishi pia, na hospitali kuu ya Garissa, ambayo zamani ilikuwa ya mkoa mzima, hupokea wagonjwa kutoka mbali. Lakini kila nafasi ya kazi inayotolewa kwa ajili ya kumridhisha mtu hula silanga moja mahali fulani, na hilo si siri kwa yeyote aliyepata kukaa na daftari la mishahara.

Hapa yafaa kuonya juu ya kosa la kila siku. Watu humwendea mwakilishi wa wadi kumwomba mwalimu wa shule ya msingi, au kituo cha polisi, au lami ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Hizo ni kazi za Serikali ya Kitaifa. Kazi za kaunti ni afya, maji, mifugo na kilimo, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, na barabara za ndani. Mwakilishi mwerevu hukubali ombi hilo la mwalimu kwa tabasamu, kwa sababu hakuna atakayeweza kumdai baadaye.

Katika kazi zote hizo, maji ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi kalenda ya fedha inavyopigana na kalenda ya mvua. Nchi hii ina majira manne. Jilaal ni kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Gu ni mvua ya Aprili hadi Juni. Hagaa ni ukavu wa Julai hadi Septemba. Deyr ni mvua ya Oktoba hadi Desemba. Mto Tana hauhudumii ila walio ukingoni mwake. Mbali na mto watu hutegemea visima virefu vinavyovutwa kwa mashine, na mahali pengi maji yake yana chumvi, au hutegemea silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa yanayokinga maji ya mvua.

Silanga hujaa tope. Baada ya miaka michache, lile lililochimbwa kuweka maji ya miezi mitatu huweka ya mwezi mmoja. Dawa yake ni tingatinga kuingia na kuzoa tope wakati silanga ni kavu, yaani katika hagaa au katika jilaal. Wakati mwingine haufai, maana mashine itazama.

Tazama basi mwendo wa fedha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na hagaa yaanza siku zizo hizo. Lingekuwa jambo zuri sana kama fedha zingekuwapo. Lakini mgao wa kwanza hukawia Nairobi. Kila shilingi yahitaji idhini ya Mdhibiti wa Bajeti kabla ya kutolewa. Kisha zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hupimwa, na aliyeshindwa hupeleka malalamiko. Ndiyo sababu katika robo ya kwanza ya mwaka kaunti nyingi huwa hazijatumia karibu chochote katika maendeleo. Mkataba hutiwa sahihi Oktoba, na deyr imekwisha kuanza. Tingatinga hungoja. Jilaal yaingia, na hapo nafasi ya pili ingekuwapo, lakini sasa watu wana kiu, na kilio ni cha maboza ya maji. Fedha za dharura kwa sheria haziwezi kupita 2 kwa mia ya mapato, nazo huisha upesi. Basi bajeti ya nyongeza huletwa, na fungu la silanga huhamishwa kulipia dizeli ya maboza. Aprili mvua yanyesha juu ya tope lile lile.

Boza si kitu kibaya. Katika ukame wa misimu mitano iliyokosa mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020, maboza yaliokoa roho za watu, na aliyeona mizoga kando ya njia hawezi kuyadharau. Lakini maji ya boza hunywewa leo, na kesho hubaki risiti tu. Novemba 2023 mambo yaligeuka: mafuriko yaliifunga hata barabara kuu ya Nairobi, na wakulima wa kando ya Tana wakapoteza migomba na mashine za kuvutia maji. Maji mengi kiasi hicho yalipita nchini, nayo silanga zilizojaa tope hazikuweza kuyapokea.

Kwa maoni yangu tatizo hili halingoji fedha zaidi. Karatasi za zabuni zaweza kutayarishwa Mei na Juni, ili kinachosubiriwa Julai kiwe fedha peke yake, na tingatinga lianze kazi Agosti. Ni kazi ya makarani na maofisa wa ununuzi, wala haihitaji sheria mpya.

Jambo la pili ni la wananchi. Wengi wetu hudhani kwamba mlango wa kusema ni ule wa Aprili, makisio yanapotangazwa na mikutano kuitwa. Kufika siku hiyo mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa. Sheria ina tarehe nyingine mbili ambazo hazipigiwi mbiu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa Bungeni kabla ya kupita tarehe 1 Septemba, na humo ndimo miradi hutajwa kwa mara ya kwanza; mradi usiomo humo ni vigumu kuuingiza baadaye. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya kupita tarehe 28 Februari, nao hukata ni kiasi gani kila idara itapewa. Septemba ni hagaa. Februari ni jilaal. Nyakati zote mbili wafugaji hawako mbali porini. Wamekusanyika kisimani, mtoni na sokoni, kwa kuwa hakuna maji pengine. Mkutano ukiitwa pale pale penye birika la kunyweshea, badala ya ukumbi wa mjini, utawapata wanawake wanaochota na wazee wanaongoja zamu ya ngamia wao.

Kitu kimoja chaweza kufanywa hata kabla mkutano haujaitwa. Katiba, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Karani au mwalimu aliye kijijini na aombe nakala ya mpango wa mwaka, atafute ukurasa wa wadi yake, na awasomee wazee kwa lugha yao mambo matatu: jina la silanga, kiasi cha fedha, na mwezi ambao tingatinga litaanza kazi. Kama mwezi huo ni Oktoba au Aprili, wazee wenyewe watajua la kuuliza.