Servisi ya Gari Isikupate Mfuko Mtupu

Je, gari lako hubeba maembe kutoka Makueni, au abiria kati ya Mutomo na Kitui mjini? Basi vumbi la murram unalijua. Vumbi hilo huziba filta ya hewa. Injini ikikosa hewa ya kutosha, gari hukosa nguvu. Filta ikichanika ni mbaya zaidi: vumbi huingia ndani na kusaga pistoni.

Wengi hubadilisha oili kila kilomita 5,000, lakini kwa vumbi letu usingoje hadi hapo. Mwambie fundi akague filta mapema. Nawe kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, angalia oili, maji ya rejeta na upepo wa tairi.

Na pesa je? Weka Sh100 kila siku kwenye akiba ya simu. Baada ya siku 60 una Sh6,000 za servisi, bila kukopa. Ukilipa gereji kwa till, usifute ujumbe. Nakili tarehe na kiasi kwenye daftari, pamoja na kilomita za siku hiyo. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataona lilitunzwa.

Anza leo na hiyo mia.